Sauti ya Kumsemea Shigela

Jumatano, 2 Oktoba

Dada Mwaija, yule wa mazoezi pale hospitali, kaniambia niandike. "Mama, kila siku andika mzee amefanya nini, hata mstari mmoja. Ukija kliniki tusome pamoja tuone anakwenda mbele au anarudi nyuma." Haya, naandika. Mimi ni fundi cherehani. Nimezoea kuandika viuno na mabega ya watu, sio habari za mume wangu.

Leo amekula uji. Mkono wa kulia bado. Mdomo bado. Mvua haijafika Igombe na joto linachosha.

Ijumaa, 4 Oktoba

Uji. Mkono bado. Mdomo bado.

Jumapili, 6 Oktoba

Niandike mara moja tu ilivyokuwa, nisirudie tena.

Shigela alikuwa dalali wa mnada wa ng'ombe. Misungwi, Magu, kote huko wanamjua. Akisimama mnadani akafungua mdomo, kipaza sauti cha nini? Hata nyumbani hakujua kunong'ona. Akiniomba chumvi, mtaa mzima unajua mboga ya Dorotea haina chumvi. Nilikuwa namwambia, "Baba Nathani, mimi sio dume la mnadani, ongea na mimi kama mtu." Anacheka, na kicheko chenyewe nacho kinasikika hadi ziwani.

Mwezi wa saba mshenga alikuja kumposa Evelina, binti yetu wa mwisho, kwa niaba ya Maige, kijana wa Misungwi anayelima mpunga. Shigela akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia. Nipeni wiki, nitawajibu." Wiki haikuisha. Alianguka bafuni. Kiharusi. Alipoamka, mkono na mguu wa kulia vimelala, na mdomo hautoi neno. Anasikia yote, anaelewa yote, anatoa "aa" na "mm" basi.

Watu wa Misungwi bado wanasubiri jibu. Na kwenye ukoo wa mume wangu ng'ombe wa mahari hawaingii zizini mpaka baba wa binti atamke mwenyewe, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Hasemi kaka, hasemi mjomba. Baba akiwa amekufa, hapo sawa, kaka anasema. Shigela hajafa.

Jumanne, 8 Oktoba

Uji. Mdomo bado. Evelina karudi kutoka kazini, duka la dawa kule Nyamagana, kamwosha baba yake, kampaka mafuta, kamkata kucha. Mimi mgongo unauma. Bila huyu mtoto sijui.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nathaniel, mtoto wetu wa kwanza aliyeko Dodoma, katuma kishikwambi kwa basi. Eti baba atasema kwa hicho. Nikamwambia kwenye simu, "Baba yako anahitaji godoro, wewe unaleta mdoli?"

Kimejaa picha ndogondogo. Unagusa picha, kinasema. Ila sauti iliyomo ni ya mashine, na Kiswahili chake, jamani, kama padri wa Kizungu aliyefika jana. Nathaniel kasema tunaweza kurekodi sauti yetu wenyewe. Basi Evelina akakaa sebuleni, akarekodi: Nina njaa. Nina kiu. Naumwa. Nigeuze. Asante. Nje. Ndiyo. Hapana. Akaweka na picha zetu. Ukigusa yangu, inaita, "Mama, njoo."

Miaka yote mume wangu ananiita Mama Nathani. Leo ameniita mama, tena kwa sauti ya binti yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Shigela hakucheka. Alikisukuma kikaanguka kwenye zulia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Hataki kukigusa. Nilisema mimi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Hataki. Shemeji Chenge, kaka yake mkubwa, kaja kutoka Kisesa. Kakitazama kile kitu, kasema, "Nyumba hii sasa ina redio mbili, na mwenye nyumba bado kanyamaza." Alikuwa anatania, lakini macho yake yalikuwa mekundu.

Alhamisi, 17 Oktoba

Leo niandike vizuri.

Asubuhi nimemletea uji. Nimeketi, nimepuliza, nimeinua kijiko. Akanyoosha mkono wa kushoto, taratibu, akagusa kishikwambi. "Hapana," ikasema sauti ya Evelina. Nikadhani kakosea. Nikainua kijiko tena. "Hapana." Nikasogeza bakuli. "Hapana. Hapana. Hapana."

Kumbe uji hapendi! Tangu atoke hospitali namlisha uji, anameza, na mimi naandika humu "uji, uji" kama vile ni sherehe. Nikamwuliza, chai? Ndiyo. Mkate? Hapana. Kiazi? Ndiyo. Amekula viazi vitamu vizima, na chai, na jasho linamtoka. Nikaingia jikoni nikalia. Tumbo la mume wangu sikulijua mpaka mashine imeniambia.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Akagusa "Nje". Nikamburuta na kiti mpaka barazani, akakaa anaangalia maji yakishuka.

Jumapili, 20 Oktoba

Viazi. Chai. Nje. Nigeuze. Asante. Hiyo asante ni mpya. Alipokuwa na mdomo hakuwa nayo.

Jumatano, 23 Oktoba

Umeme umekatika tangu jana, kishikwambi kimezima. Siku nzima "aa" na "mm". Nimekasirika utadhani ni mimi niliyezimwa. Jioni nimekipeleka dukani kwa jirani mwenye sola, nimesimama hapohapo kikichajiwa.

Jumapili, 27 Oktoba

Shemeji Chenge kaja baada ya misa. Mshenga amemfuata Kisesa. Watu wa Misungwi wanasema kwa heshima tu, lakini wanasema: kama jibu hakuna, kijana ataangalia kwingine.

"Sasa kitu kinachosema kipo," Chenge akasema. "Tumwulize."

Akakaa mbele ya kiti cha ndugu yake. Evelina alikuwa mlangoni na sinia la chai. Chenge akasema polepole, "Mdogo wangu, yule kijana Maige. Siku ya wazee, utagusa hapa useme ndiyo?"

Shigela alimtazama Evelina. Akatazama kishikwambi. Akagusa.

"Hapana."

Ilikuwa sauti ya Evelina mwenyewe ikimkataa mchumba wake. Yeye pale mlangoni mdomo umefumba. Sinia halikuanguka, alilishikilia, akaja akaliweka mezani taratibu, akasema, "Karibu chai, baba mkubwa." Akaenda chumbani kwake.

Chenge akauliza tena. "Hapana."

Nitasema kweli, maana hapa hasomi mtu zaidi ya Mwaija, na Mwaija nitamfunikia ukurasa huu. Moyo wangu ulitulia. Nilimhurumia mtoto, lakini ulitulia. Evelina akiondoka, nani atanisaidia kumgeuza huyu mzee? Nina miaka hamsini na tisa, magoti yangu yanalia kuliko cherehani. Nikasema kimoyomoyo, asante Mungu, kakataa mwenyewe, sio mimi.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua. Evelina anafanya kazi zote. Haongei.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mvua. Haongei. Nimemwambia, "Mwanangu, kula." Kasema, "Nimeshiba, mama." Sufuria sijaona akiigusa.

Jumatatu, 4 Novemba

Barabara ya kushuka ziwani imekuwa mto. Nimeshona sare za kwaya.

Evelina kaniuliza, "Baba alishawahi kukwambia Maige ana ubaya gani?" Nikamwambia sijui. Kweli sijui. Kasema, "Ningejua ubaya wake ningemwacha. Ila 'hapana' tupu, naiwekaje moyoni?" Nikajifanya natafuta sindano.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo nilikuwa jikoni napika, Evelina yuko kazini mjini. Nikasikia kutoka chumbani, "Nina kiu." Nikajibu, bila kufikiri, "Maji yapo kwenye mtungi, Eve, jichotee!" Ikarudia, "Nina kiu." Nikainua kichwa. Evelina yuko Nyamagana. Aliyeomba maji ni baba yake.

Nikasimama na mwiko mkononi. Yesu na Maria! Mimi mwenyewe nikisikia hiyo sauti sisikii Shigela, nasikia Evelina. Sasa wazee wakikaa, watu wa Misungwi wakiuliza, "Baba, umekubali?", na msichana akijibu "Ndiyo", nani kamwoza nani? Binti kajitoa mwenyewe mbele ya baba yake, na baba kakaa pale kama mgeni.

Nikampelekea maji. Alipomaliza kunywa nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Baba Nathani. Maige unamkataa?"

"Hapana."

"Unampenda?"

"Ndiyo."

"Unachokataa ni kumjibia mtoto kwa sauti ya mtoto?"

"Ndiyo," akagusa. "Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo." Machozi yanamchuruzika mpaka kwenye ndevu, na kidole hakikomi, mpaka nikamshika mkono.

Sijamwambia Evelina.

Ijumaa, 8 Novemba

Sijamwambia.

Jumamosi, 9 Novemba

Sijamwambia. Shigela ananitazama. Kila nikipita ananitazama. Nimemwambia, "Unanitazamia nini? Nitasema." Akagusa picha ya Evelina. Nikatoka nje nikaanua nguo zilizokwisha kunyeshewa.

Jumapili, 10 Novemba

Nimesema. Tulikuwa tunachambua mchele. Nikamwambia yote, na siku nilizokaa nayo pia nikazitaja. Evelina hakunigombeza. Aliacha ungo, akaenda kwa baba yake, akaweka kichwa kwenye lile goti lililolala. Nikabaki na mchele wangu. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 15 Novemba

Sasa kila mtu ana dawa. Nathaniel kasema kwenye simu atarekodi yeye, ni mwanamume. Shigela: Hapana. Chenge kasema, "Nirekodini mimi, sauti zetu zinafanana." Shigela: Hapana. Chenge kanuna, kaondoka bila kumaliza chai.

Jumapili, 17 Novemba

Chenge karudi, hajui kununa kwa muda mrefu. Kaja na Salehe, mfanyabiashara wa ng'ombe, rafiki wa Shigela wa miaka mingi. Salehe ana video kwenye simu yake, aliichukua mnadani mwaka juzi.

Tukakusanyika. Akabonyeza. Jamani! Nyumba ikajaa. "Dume hili hapa! Tazameni bega! Tazameni nundu! Nani anaongeza? Wewe wa kofia, unaogopa mkeo?" Watu wanacheka kule kwenye video, na sisi huku tunacheka, na Evelina analia na kucheka pamoja. Ndiye yeye. Ndiye yule wa kuniomba chumvi kwa sauti ya kijiji kizima. Mwishoni kabisa, anamwonyesha mnunuzi kidole: "Nimekubali! Mtoeni zizini, ni wako!"

Salehe akasema, "Umesikia? 'Nimekubali.' Limo. Nathaniel alikate neno hilo, aliweke humu, siku ya wazee mzee anagusa tu. Sauti yake mwenyewe, nani atabisha?"

Chenge akapiga kofi kwenye paja. Hata mimi nilisema, limepatikana.

Shigela alikuwa analia tangu video ianze. Akanyoosha mkono. "Hapana."

"Ni sauti yako, ndugu yangu!" Chenge akasema.

"Hapana."

Salehe ndiye aliyeelewa kwanza. Akaweka simu mfukoni, akasema kwa sauti ya chini, "Ni kweli. Hapo alikuwa anauza dume." Akamwomba radhi Shigela, akamshika mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili.

Evelina akasema, "Basi, baba. Tuache. Sitaki uumie tena. Nitakaa." Akaanza kuondoa vikombe.

Ndipo ikaita, "Mama, njoo." Sote tukamtazama Evelina, kwa mazoea. Lakini kidole kilikuwa kwenye picha yangu.

"Nipo hapa," nikasema.

"Mama, njoo."

"Nipo, Baba Nathani, nije wapi tena?"

Akagusa picha yangu, akainua mkono akagusa koo lake. Picha yangu. Koo lake.

Nikajua. Nikasema, "Mimi siwezi." Nikatoka.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua kubwa. Siwezi. Mtu atoe mtoto wake kwa mdomo wake mwenyewe, halafu abaki na nyumba hii? Nathaniel ana sauti, Chenge ana sauti. Nimemwuliza, kwa nini mimi? Hana picha ya kunijibu hilo. Nadhani anajua. Mwenyewe anamtaka Maige, na anajua mimi sitaki aje kumchukua Evelina. Basi hataki jibu litoke upande mmoja wa kitanda.

Ijumaa, 22 Novemba

Viazi. Nje. Asante.

Jumapili, 24 Novemba

Nimekaa naye barazani. Nimemwambia yote: magoti, mgongo, usiku wa kumgeuza peke yangu, hofu ya kuzeeka katikati ya kimya. Sikulia. Nilisema kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Nikamwuliza, "Akienda, sisi wawili tutaweza?"

Alifikiri. Kisha hakugusa "Ndiyo" wala "Hapana". Aligusa "Asante".

Nikamwambia, "Lete hicho kitu."

Nimeandika maneno, namsomea, anachagua. Lile la Chenge, "Nimepokea ng'ombe, nimetoa binti": Hapana. Langu refu lenye baraka nyingi: Hapana. Mwisho nikasema, "Nimekubali. Mtunzeni." Ndiyo.

Nikarekodi. Kwenye "mtunzeni" sauti ilikatika. Nikataka kuifuta nirudie, akanizuia. "Hapana." Imebaki hiyohiyo iliyokatika.

Jumamosi, 7 Desemba

Kisesa, nyumbani kwa Shemeji Chenge, kwenye zizi la ukoo.

Mvua ilinyesha asubuhi ikaacha matope mpaka kifundoni. Wazee wa Misungwi wamekaa upande mmoja, wetu upande mwingine, Shigela katikati kwenye kiti chake na kishikwambi mapajani. Ng'ombe wamesimama nje ya lango na vijana wao. Mimi nilikaa nyuma na wanawake, kama desturi. Evelina ndani.

Mzee Mhoja, babu yake Maige, akauliza lile swali. Shigela akagusa.

"Nimekubali. Mtunzeni."

Kusikia sauti yako ikitoka mahali ambapo wewe hupo, ni kitu kigumu. Nikasikia pale ilipokatika. Wanawake wakageuka kunitazama.

Mzee Mhoja akakunja uso. "Hiyo ni sauti ya mwanamke. Nimemwuliza baba. Nani amenijibu?"

Chenge akaanza kueleza, akajikanyaga. Nikasimama. Kwa desturi mwanamke hasimami pale. Nikasema, "Shikamoo, baba. Aliyejibu ni huyo mliyemwuliza. Mimi nimemwazima koo tu. Na niwaambie ukweli, mimi nisingekubali. Yeye ndiye amekubali. Nami sasa nimekubali, kwa sababu yake. Kama mnabisha, muulizeni, anasikia kila kitu."

Nikabaki nimesimama.

Mzee Mhoja akainuka, akakanyaga matope mpaka mbele ya Shigela. Akainama, uso kwa uso. "Shigela. Nimekusikia mnadani miaka mingi. Neno hili ni lako?"

Shigela akakishika kile kishikwambi kwa mkono wa kushoto, akakiweka chini, kwenye majani, kando ya mguu wake. Akainua kidevu. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"Mm," akasema.

Basi. Hakuwa na zaidi ya hiyo. Kwa mdomo wake mwenyewe.

Mzee Mhoja akamtazama, akamgusa bega. "Nimesikia," akasema. Akawageukia vijana. "Fungueni lango."

Jumatatu, 9 Desemba

Viazi. Chai. Mvua.

Jumapili, 22 Desemba

Maige kaja kututazama. Kamgeuza baba mkwe bila kuambiwa, kamwekea mto mgongoni. Mikono yake ni mizito ila ina adabu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nimeshindwa.

Jumamosi, 28 Desemba

Ndoa kanisani. Nguo nimeishona mimi. Wameondoka kwenda Misungwi.

Jumapili, 29 Desemba

Kimya.

Jumatatu, 30 Desemba

Nathaniel kapiga simu. "Mama, sasa Eve hayupo, mnaweza kubadilisha zile sauti. Rekodi wewe zote, itakuwa rahisi kwa baba." Nikamwambia tutaona.

Jioni nilikuwa kwenye cherehani, mvua inapiga bati. Nikasikia, "Mama, njoo."

"Nakuja, mwanangu," nikasema. Nikaacha kitambaa, nikaenda mpaka mlango wa chumba cha Evelina, nikaufungua. Kitanda kimetandikwa. Kanga yake moja ya zamani iko kwenye msumari.

"Mama, njoo."

Nikafunga mlango, nikaenda kwa Shigela. Mto ulikuwa umeteleza. Nikamgeuza, nikamwekea vizuri, magoti yamelia lakini tumeweza. Akagusa, "Asante." Nikaketi pembeni ya kitanda, nikakisogeza kishikwambi karibu na mkono wake, nikamwambia aniite tena.